Samaki wa dhahabu wa shuleni wakiugua, tibu maji kwanza

Hii nawaandikia walimu, mamatroni, watu wa maabara na madogo wa klabu za sayansi huku kwetu Mtwara na Lindi, zile shule ambazo zina akwariamu pale mapokezi au kwenye korido ya ofisi. Mara nyingi inakuwa hivi, mzazi au mfadhili kaleta tangi zuri, mwezi wa kwanza kila mtu anasimama kuangalia, alafu mwalimu aliyekuwa anahusika anapata uhamisho na hakuna aliyekabidhiwa, maji yanaanza kuwa ya kijani, mapovu yanaganda juu, na wale goldfishi wawili watatu waliobaki wanakaa chini kwenye kona wamekunja mapezi. Watu wanapita wanasema hawa wanakufa tu. Hapana jamani, goldfishi ni kiumbe mvumilivu sana, wengine wanaishi miaka kumi na zaidi, na akiwa bado anahema na bado anageuza macho ukisogea, ana nafasi nzuri ya kupona kama mtu mmoja ataamua kumsaidia kwa utaratibu.

Neno lenyewe ni utaratibu. Watu wengi wakishaona huruma wanafanya fujo siku hiyohiyo, wanatoa samaki wanaweka kwenye ndoo, wanamwaga maji yote, wanasugua tangi na sabuni na jiki, mawe yanaoshwa, filta inaoshwa bombani mpaka inang'aa, wanajaza maji mapya, kesho yake asubuhi samaki wote wako juu wamekufa. Hawakufa kwa uchafu, wamekufa kwa usafi wa ghafla. Nikieleza kwanini utaona kazi yote iliyobaki inaeleweka yenyewe.

Samaki anatoa amonia, nyingi inatokea kwenye mashavu yake wakati anahema na nyingine inatokana na kinyesi na chakula kilichooza chini. Amonia ni sumu, inamuunguza mashavu na ngozi. Kwenye tangi lenye afya kuna bakteria wanaoishi kwenye sponji ya filta, kwenye mawe na kwenye vioo, wanaigeuza amonia kuwa naitraiti ambayo nayo ni sumu, alafu kundi lingine linaigeuza naitraiti kuwa naitreti ambayo ni afadhali sana na unaitoa kwa kubadilisha maji. Ni ule mzunguko wa naitrojeni mnaochora ubaoni, upo hapo ndani ya tangi. Kuwajenga hao bakteria upya inachukua wiki 4 mpaka 6, kwaiyo ukiosha filta kwa maji ya bomba yenye klorini au kwa sabuni umewaua, na samaki mgonjwa anaanza kuogelea kwenye mkojo wake bila wa kumsaidia.

Sasa kabla hujagusa kitu simama uangalie kwa dakika kumi hivi. Wakihema juu kabisa ya maji midomo nje, hiyo ni hewa ndogo au mashavu yameungua, na ni dharura. Mistari myekundu kwenye mapezi na mkia, mara nyingi ni amonia. Mashavu kuwa ya kahawia badala ya mekundu, fikiria naitraiti. Mabaka meusi kwa samaki wa rangi ya chungwa mara nyingi ni ngozi iliyoungua inayojiponya, hayo yasikutishe. Mkia uliochanika chanika wenye ukingo mweupe ni kuoza mapezi. Vidoa vyeupe vidogo mwili mzima ni ugonjwa wa madoa meupe, nitarudi huko. Magamba yakisimama na tumbo limevimba, hiyo ni mbaya na nitaisema pia. Andika kwenye daftari ulichoona, na tarehe, kwasababu baada ya wiki utasahau nani alikuwa vipi.

Alafu jua tangi lako ni lita ngapi, bila hiyo kila kipimo utakachoweka ni cha kubahatisha. Pima kwa rula, urefu mara upana mara kina cha maji kwa sentimita, gawanya kwa 1000. Tangi la futi mbili, yaani sm 60 kwa 30 kwa 30, ni lita 54, toa kidogo kwa ajili ya mawe, hesabu 45.

Kitu cha kwanza kabisa cha kufanya, kabla ya maji, ni hewa. Huku kwetu maji ya tangi mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu yanaweza kufika nyuzi 29 au 30, na goldfishi asili yake ni China, ni samaki wa maji ya ubaridi wa wastani, anapenda nyuzi 18 mpaka 24. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30 yanabeba 7 na nusu hivi tu, na wakati huohuo joto linamfanya samaki atumie oksijeni nyingi zaidi, yaani anabanwa pande mbili. Kwaiyo washa pampu ya hewa, kama ipo na haifanyi kazi angalia mpira wake umeziba au jiwe la hewa limeganda. Hamna pampu? Chukua jagi, chota maji ya tangi na uyarudishe kutoka juu kidogo, rudia rudia kwa dakika kumi kila saa, wanafunzi wanaweza kupokezana na inasaidia kweli, na ndiyo njia hiyohiyo ya kutumia umeme ukikatika. Fungua mfuniko, elekeza feni ipulize juu ya maji, yatapoa nyuzi mbili tatu kwa mvuke tu. Unaweza kuelesha chupa ndogo ya maji yaliyoganda, ila moja moja na taratibu, thermomita ya maabara ikiwa ndani, usishushe nyuzi nyingi kwa mkupuo. Na kama tangi liko dirishani jua linapiga, lihamishwe, ila uhamishaji usubiri samaki wapate nguvu, kwa sasa weka kadibodi upande wa jua. Huwezi kubeba tangi lenye maji, silikoni inaachia na kioo kinapasuka.

Pili, acha kulisha. Siku mbili tatu bila chakula hazimuui goldfishi, na filta iliyochoka inapata nafasi ya kupumua.

Tatu ndio maji, na hapa nitakaa kidogo kwasababu ndipo penye uhai na kifo.

Tangi lililotelekezwa miezi mingi maji yake huwa yamegeuka asidi, pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi imezidi) inashuka mpaka 6 au chini ya hapo. Kwenye pH ya chini karibu amonia yote inakaa kwenye umbo la amoniamu, ambalo samaki anaweza kulivumilia. Sasa maji yetu ya pwani, hasa ya visima vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe, mara nyingi ni magumu na pH yake iko juu ya 7. Ukimimina ndoo nyingi kwa mara moja pH inapanda ghafla na ile amoniamu inageuka kuwa amonia yenyewe, pH ikitoka 7 kwenda 8 amonia ya sumu inaongezeka karibu mara kumi. Hiyo ndiyo sababu samaki aliyekuwa anaishi kwenye uchafu anakufa ukimpa maji masafi. Nenda maabara ya kemia omba karatasi za pH, zile zinazobadilika rangi nyingi, pima maji ya tangi na maji mapya. Kama yanakaribiana, tofauti ni nusu hivi, na samaki wanahema juu, badilisha hata nusu ya maji leoleo, itawaokoa. Kama tofauti ni moja au zaidi, badilisha sehemu moja ya kumi tu leo, kesho tena, keshokutwa tena, wiki nzima, alafu ndo uongeze ufike robo. Ukiwa huna karatasi kabisa fuata hii njia ya pole pole, ni salama zaidi kwa tangi ambalo hulijui historia yake.

Maji mapya yaandae jana yake. Ya bomba yana klorini, yajaze kwenye ndoo au pipa safi ambalo halijawahi kuwekwa sabuni wala mafuta, liache wazi saa 24, ikiwezekana na jiwe la hewa ndani. Kama una haraka, shule ya sekondari karibu zote zina sodiamu thiosalfeti kwenye kabati la kemia, ile ya praktiko ya kasi ya mmenyuko na asidi, hiyo ndiyo inayouzwa madukani kwenye vichupa vya kuondoa klorini. Gramu 1 inatosha lita 100 za maji ya bomba ya kawaida, iyeyushe kwanza kwenye bika alafu changanya, muombe mtu wa maabara akupimie kwenye mizani. Maji ya kisima hayana shida ya klorini labda kama kisima kimewekewa dawa, ila yapulizie hewa kwanza, yakitoka ardhini huwa na oksijeni ndogo. Ya mvua yaliyotoka kwenye paa la bati siyapendi kwa kazi hii, ni laini mno na pH yake haitulii. Siku za masika bomba likitoa maji ya udongo, acha yatuame mpaka yawe meupe.

Toa maji kwa mpira, na uyanyonye kutoka chini kwenye mawe ambako uchafu umekaa, sio kuchota juu. Usinyonye kwa mdomo kama watu wanavyonyonya petroli, yale maji yana vijidudu. Zamisha mpira wote ujae maji, ziba ncha mbili kwa vidole gumba, ncha moja ibaki ndani nyingine peleka kwenye ndoo iliyo chini, achia. Mwenye kidonda mkononi asiingize mkono, kuna bakteria wa samaki wanaoweza kuingia kwenye ngozi ya mtu na kuleta vidonda visivyopona haraka, na kila mtu anawe kwa sabuni akimaliza. Chomoa umeme kabla mkono haujaingia majini, kila mara. Siku moja safisha nusu ya mawe, siku nyingine nusu nyingine. Maji mapya mimina pole pole juu ya sahani au kiganja yasivuruge, joto lake lifanane na la ndani.

Sponji ya filta ichukue ikiwa imejaa tope, ikamulie ndani ya ndoo ya yale maji machafu uliyotoa, ikamue mara mbili tatu mpaka maji yapite, rudisha. Itabaki ya kahawia na ndivyo inavyotakiwa. Ukijani wa kwenye vioo sugua kioo cha mbele tu ili muone samaki, wa pande nyingine uache, unakula naitrojeni na hauna ubaya wowote kwa samaki.

Kama tangi halina filta, tengenezeni, ni kazi nzuri ya klabu. Chupa ya maji ya lita moja na nusu mnaikata juu, mnaitoboa matundu madogo madogo pembeni, ndani mnapitisha mpira wa hewa mpaka chini ukiwa na jiwe lake, mnajaza changarawe iliyooshwa kwa maji matupu. Mapovu yakipanda yanavuta maji kupita kwenye changarawe, bakteria wanakaa humo. Ukimjua mtu mwenye akwariamu yenye samaki wazima muombe akukamulie tope la sponji yake, inapunguza wiki za kusubiri.

Sasa chumvi, hii ndiyo dawa ninayoiamini na sisi watu wa kusini hatuna haja ya kuitafuta mbali, mashamba ya chumvi yapo mpaka Kilwa. Chumvi ya mawe ya kawaida inafaa, iliyowekwa iodini nayo haina tatizo kwa kiwango hiki, usichukue yenye viungo wala ile ya kulambisha ng'ombe yenye madini mengine. Gramu 1 kwa lita inasaidia samaki aliyechoka, na kama kuna naitraiti inazuia isiingie kwenye damu kupitia mashavu. Kwa tangi letu la lita 45 ni gramu 45, pima kwenye mizani ya maabara, yeyusha kwenye jagi la maji ya tangi, mimina taratibu mbali na samaki. Na hapa watu wanakosea sana hesabu, chumvi haiendi na mvuke, maji yakipungua kwa joto unaongeza maji matupu bila chumvi, ila ukibadilisha lita 10 unarudisha gramu 10 tu za zile lita ulizotoa. Ukiongeza kipimo kizima kila siku baada ya wiki umewatia kwenye maji ya bahari. Mimea ya majini itoe kwanza, mingi haivumilii.

Mkishafika wiki ya kwanza au ya pili na maji yametulia, samaki wengi mtaona wamefungua mapezi wanaanza kutafuta chakula, na hao hawahitaji dawa yoyote. Waliobaki na dalili ndo tunaangalia ugonjwa wenyewe.

Madoa meupe ni kijidudu kinachojichimbia chini ya ngozi, kikikomaa kinadondoka chini, kinazaliana, watoto wanaogelea kutafuta samaki mwingine, na ni hapo tu wanapoogelea ndipo dawa inawapata. Kwa joto la huku mzunguko huo unaisha ndani ya siku chache, kwaiyo ugonjwa unapanda haraka ila na tiba inafanya kazi haraka. Pandisha chumvi gramu 1 kwa lita asubuhi, nyingine jioni, nyingine kesho yake asubuhi, ifike 3 kwa lita na isizidi, kaa nayo siku kumi mpaka wiki mbili hata kama madoa yamepotea siku ya nne, nyonya uchafu wa chini kila siku, hewa iwe nyingi. Samaki akilala ubavu toa maji kidogo uweke yasiyo na chumvi. Lakini angalia vizuri kwanza, dume la goldfishi wakati wa kuzaa linaota vipele vyeupe kwenye mashavu na kwenye mfupa wa mbele wa mapezi ya kifuani, vimepangika vizuri na haviko mwilini kwingine, huyo ni mzima kabisa muacheni.

Kuoza mapezi, maji safi na chumvi gramu 1 mpaka 2 kwa lita, ukiona ukingo mpya unaota laini kama karatasi ya nailoni basi anapona. Ikifika kwenye mzizi wa mkia au ukiona utando mweupe mdomoni na mgongoni unaokua ndani ya siku moja mbili, hiyo ni ya bakteria wanaopenda joto, poza maji kadri unavyoweza na tafuta mtaalamu. Mtwara tuna bahati, chuo cha uvuvi FETA kina kampasi pale Mikindani, maabara ya mifugo ya TVLA ina kituo Mtwara, na kila halmashauri ina afisa uvuvi, wapigie, watumie picha.

Uzi mwembamba unaoning'inia mwilini kama kajiti na pana wekundu pale ulipoingia, huyo ni mnyoo nanga, anaonekana kwa macho. Mshike samaki na kitambaa kilicholowa, vuta na koleo ndogo ya maabara karibu kabisa na ngozi pole pole, mrudishe haraka. Mayai yanabaki majini, kwaiyo endelea kukagua wiki kadhaa. Huwa anakuja na mimea au samaki waliotolewa bwawani, ndo maana msiweke kitu cha bwawani bila kukitenga kwanza.

Anayeelea kichwa chini au ubavu huku anakula vizuri, mara nyingi ni tumbo. Goldfishi hana tumbo la kuhifadhi chakula, kinapita moja kwa moja kwenye utumbo, akishindiliwa chakula kikavu kinachovimba anajaa. Mfungishe siku mbili, alafu mpe njegere iliyochemshwa bila chumvi, imemenywa ganda, imepondwa, vipande vidogo.

Naomba sana msimwage tetrasaiklini wala amoksilini kwenye tangi. Najua ni kitu kinachofanyika, kapsuli ni rahisi kupata na mtu anataka kusaidia. Tetrasaiklini inashikwa na kalsiamu ya maji magumu kama yetu na haimfikii samaki kama ulivyotarajia, bakteria wa filta unaweza kuwaua, na unawafundisha vijidudu kuzoea dawa ambayo kesho mtoto wa shule ataihitaji. Pamanganeti nayo iacheni kabatini, kipimo cha kutibu na cha kuua vimekaribiana mno.

Kuna sababu nyingine ya vifo vya ghafla ambayo shuleni hawaifikirii kabisa, dawa ya mbu ya kupuliza. Sumu iliyomo kwa mtu ni ndogo, kwa samaki ni kali mno, na pampu ya hewa inavuta hewa ya chumba inaiingiza majini moja kwa moja. Siku ya kupuliza dawa madarasani zima pampu, funika tangi kwa nailoni na taulo, fungua madirisha baada ya hapo mpaka harufu iishe kabisa, ndo uwashe. Kidole kilichotoka kupaka losheni, mikono iliyotoka kwenye dawa ya mikorosho, dekio lenye dawa, vyote mbali na maji.

Na yale makome na vipande vya matumbawe ambavyo madogo wanaokota Shangani au Msimbati wanakuja kupamba, ni kalsiamu kaboneti, vinapandisha pH na ugumu wa maji polepole na mnajua sasa pH ikipanda amonia inafanya nini. Kingo zake pia zinawakata mapezi. Toa kimoja kimoja kwa siku tofauti, sio vyote leo.

Chakula wakipona, mara moja au mbili kwa siku, kile wanachomaliza ndani ya dakika mbili, kilichobaki kitolewe. Punje zinazozama ni bora kuliko zinazoelea, na kama za goldfishi hazijafika kutoka Dar, chakula laini cha vifaranga vya perege kutoka kwa wafugaji kinafaa kwa muda. Mchicha uliochemshwa mara moja moja wanaupenda. Andazi, ugali, karanga, vipande vya korosho, hapana, na hapa inabidi muongee na wanafunzi kwa upole, wanatupia kwasababu wanawapenda, wapeni kazi ya kweli badala ya kuwafukuza. Kopo la chakula likae kwenye kabati linalofungwa, ufunguo awe nao mtu mmoja, pembeni daftari lenye tarehe, joto, nani kalisha, maji lita ngapi yamebadilishwa. Bila daftari mwalimu wa zamu atalisha, matroni atalisha, mlinzi atalisha, wote kwa siku moja.

Idadi nayo mtaitazama mkishatoka kwenye dharura. Goldfishi wa mkia mrefu, mnene, anataka kama lita 75 kwa wa kwanza na 40 kwa kila anayeongezeka, wale wembamba wa kawaida wanafika sm 30 na mahali pao ni bwawa. Kwaiyo lile tangi la futi mbili lenye samaki sita, hata mkilitunza vipi litarudi palepale. Tafuteni shule nyingine yenye bwawa la zege uani, au mjenge. Msiwapeleke ziwa Rutamba wala Kitere wala mto Lukuledi, tafadhali, goldfishi ni mgeni huko, anachimbua tope, anakula mayai ya samaki wa watu na anaweza kupeleka magonjwa kwenye maji ambayo familia zinategemea kwa kitoweo.

Yule mwenye magamba yaliyosimama na tumbo limejaa maji, ukweli ni kwamba wengi hawaponi. Mpe siku chache kwenye beseni kubwa lenye hewa na chumvi gramu 1 kwa lita, kama hali chakula na hawezi kusimama wima, kumuacha ateseke wiki nzima mbele ya watoto sio huruma. Mafuta ya karafuu halisi, mililita 2 zitikise kwenye chupa yenye maji ya uvuguvugu mpaka yawe kama maziwa, mimina kwenye lita 5 za maji ya tangi alimo. Analala kwanza, alafu mashavu yanaacha kucheza, mwache humo nusu saa nyingine baada ya hapo. Afanye mtu mzima, pembeni, ila wanafunzi waambiwe ukweli kilichotokea na wakitaka kumzika chini ya mti waacheni wamzike.

Likizo ya Juni na ya Desemba ndizo zinazorudisha tangi nyuma. Siku tatu kabla ya kufunga shule badilisha robo ya maji, kamua sponji, angalia pampu. Samaki mzima anakaa wiki moja mpaka mbili bila kula bila shida, kwaiyo ni heri asilishwe kuliko kulishwa na mtu asiyejua. Likizo ikizidi hapo, funga chakula kwenye vijikaratasi, kila kimoja kipimo cha siku moja, mpe mlinzi vya siku mbili kwa wiki na namba ya simu ya mwalimu mhusika, na muoneshe kwa macho pampu ikiwa inafanya kazi inakuwaje na jagi la kuchotea umeme ukikatika liko wapi. Desemba ndio joto kali, mwambie apitie saa nane mchana, muda ambao maji yana moto kuliko yote, akiwakuta wanahema juu aanze na jagi hapohapo kabla hata ya kupiga simu.